Intaneti ya setilaiti inasuasua Tanga: kosa ni la dishi, la mwale au la mgao?

Mjini Tanga, kuanzia Raskazone mpaka Ngamiani, faiba na minara ya simu vimefika, na watu wengi hawana haja ya kuangalia juu kutafuta intaneti. Ukitoka nje ya mji mambo yanabadilika. Hoteli za ufukweni Ushongo, kambi za upande wa Mkwaja na Saadani, mashamba ya mkonge ya Muheza na Korogwe, zahanati za milimani Usambara: huko dishi la setilaiti ndilo linalobeba malipo, taarifa za wagonjwa na simu za nyumbani. Na huko ndiko fundi anakopigiwa: "Fundi, mtandao umekufa tena."

Mara nyingi haujafa. Unasuasua, na sababu iko mahali pamoja kati ya patatu: kwenye dishi lako, kwenye mwale unaokuangazia, au kwenye namna uwezo wa mwale huo unavyogawiwa wateja. Dishi ni kazi ya fundi. Mwale na mgao ni kazi ya kampuni inayokuuzia huduma. Ukikosea mlango, utashinda juani ukilegeza na kukaza skrubu za dishi lisilo na kosa, au utalipia kifurushi kikubwa zaidi huku konekta imeoza kwa chumvi ya bahari.

Kwanza tuuelewe mwale wenyewe. Setilaiti za zamani zilimwaga mawimbi juu ya nusu ya bara kwa mpigo mmoja. Nyingi za siku hizi hugawa eneo lao kwa miale midogo, kila mmoja ukifunika upana wa kilomita mia kadhaa. Eutelsat KONNECT, iliyorushwa Januari 2020 na kuwekwa juu ya ikweta, nyuzi 7 mashariki, ina miale 65 kwa ajili ya Afrika na Ulaya Magharibi, na uwezo wake wote ni gigabiti 75 kwa sekunde. Gawanya mwenyewe: kwa wastani ni gigabiti 1 na ushee kwa kila mwale. Mwale wa ukubwa huo ukitua pwani yetu unaweza kuzikusanya Tanga, Pemba na Mombasa pamoja, tena na eneo kubwa la bahari lisilo na mteja. Hiyo gigabiti moja ndiyo mnayogawana wote.

Chukua namba kabla ya kuchukua spana

Unganisha kompyuta na modemu kwa waya, si kwa Wi-Fi, kisha fungua ukurasa wa hali ya modemu. Andika SNR, yaani signali imezidi kelele kwa kiasi gani (modemu nyingine huandika Es/No), ngazi ya modulesheni inayotumika, yaani namna data inavyopakiwa kwenye mawimbi, muda wa ping, yaani ombi kwenda na jibu kurudi, na asilimia ya pakiti, vile vipande vya data, zinazopotea. Zichukue namba hizo alfajiri, mchana, na saa tatu usiku. Kipimo kimoja hakisemi chochote. Vitatu vya siku moja vinatosha kukuonyesha mlango wa kubisha.

Anza na ping. Setilaiti inayoonekana kusimama angani iko kilomita 35,786 juu ya ikweta. Ombi lako hupanda na kushuka, na jibu nalo hupanda na kushuka, kwa hiyo hata mwanga wenyewe unahitaji karibu milisekunde 480. Kwa kawaida utaona 600 hivi. Hiyo si hitilafu, na hakuna fundi atakayeipunguza. Lakini ikiwa alfajiri ni 620 na usiku ni 1,500, umbali haujaongezeka. Pakiti zako zinasubiri zamu mahali fulani.

SNR na ngazi ya modulesheni huenda pamoja. Katika DVB-S2, kanuni ya kiufundi ya kutuma data kwa setilaiti ambayo modemu nyingi hutumia, mtambo hupanda na kushuka ngazi kulingana na ubora wa signali. Ngazi ya QPSK 1/2 huhitaji SNR ya karibu desibeli 1 tu na hubeba takriban biti 1 kwa kila alama inayotumwa. 8PSK 3/4 huhitaji karibu desibeli 7.9 na hubeba biti 2.2. 16APSK 3/4 huhitaji karibu desibeli 10.2 na hubeba karibu biti 3. Kumbuka ngazi hizi, maana ndizo zinazoeleza kwa nini dishi la jirani linakuhusu.

SNR haijabadilika, alfajiri kunapitika, usiku kunakwama

Hii ndiyo dalili ninayokutana nayo kuliko zote, na ndiyo inayotibiwa vibaya kuliko zote. Namba ya signali ni ile ile, modulesheni haijashuka, lakini spidi imeporomoka na ping imepanda maradufu. Usipande paani. Dishi lako liko salama. Mwale umejaa, au mgao wako ndani yake umefika kikomo.

Soma mkataba kwanza. Ukikuta umeuziwa megabiti 10 kwa mgawanyo wa 1 kwa 20, maana yake ni kwamba wateja ishirini wamewekwa juu ya megabiti 10 hizo hizo. Wote wakiwa hewani kwa pamoja, kila mmoja anabaki na nusu megabiti. Kampuni haijakudanganya ikiwa imeliandika hilo, lakini mteja anapaswa kuambiwa kabla ya kulipa, na fundi anayefunga dishi bila kumweleza anamwachia mwenzake ugomvi. Kinachokulinda ni kiwango cha chini kilichohakikishwa. Zahanati au ofisi ya malipo iwe nacho, hata kama ni kilobiti 512 tu. Kifurushi chenye namba kubwa isiyo na uhakika hakitaisaidia saa ya msongamano.

Pili, angalia kama umepunguziwa kasi kwa sababu ya matumizi. Vifurushi vingi vina kikomo cha mwezi, na ukikivuka unasukumwa nyuma ya foleni. Dalili yake ni kwamba kasi hushuka ghafla tarehe fulani na haipandi hata saa tisa za usiku, wakati mwale uliojaa hupumua alfajiri. Tofauti hiyo ndogo imeokoa safari nyingi za kwenda Pangani.

Tatu, tazama ndani ya nyumba yako. Simu za wageni thelathini zikianza kupandisha picha na video kwa pamoja baada ya chakula cha usiku, mgao wote unakwisha kabla mwale haujahusika. Weka kikomo kwa kila kifaa kwenye ruta, na masasisho ya kompyuta yapange yafanyike alfajiri.

Sasa linalohusu majirani. Mwale haugawi megabiti moja kwa moja. Unagawa muda na masafa. Tuchukue chaneli, yaani kipande cha masafa ya mwale, yenye alama milioni 30 kwa sekunde. Wateja wote wakiwa kwenye 16APSK 3/4, chaneli hiyo hubeba karibu megabiti 89. Wote wakishuka hadi QPSK 1/2, chaneli ile ile, kwa nguvu ile ile ya setilaiti, hubeba karibu 30. Kwa hiyo mteja mwenye SNR mbovu anatumia karibu mara tatu ya muda wa hewani kupata kiasi kile kile cha data. Ni kama foleni ya bomba la mtaa: mwenye ndoo iliyotoboka hukaa bombani muda mrefu ili ajaze ndoo moja, na wote walio nyuma yake wanachelewa.

Ndiyo maana nasema kwa uzito kwamba mgao bora huanzia kwenye dishi moja moja. Ukiwa na jukumu la vituo vingi vya taasisi moja ndani ya mwale mmoja, tuseme zahanati za wilaya nzima, orodhesha SNR ya kila kituo siku ya anga safi. Vilivyo nyuma ya wenzake kwa desibeli tatu au zaidi bila sababu, vitembelee kwanza. Kurekebisha madishi mabovu machache kunaweza kurudisha uwezo ambao mngeulipia kila mwezi.

Liko pia tatizo ambalo fundi hawezi kulifikia. Kwenye setilaiti nyingi nguvu na masafa ya kila mwale viliamuliwa kiwandani, na chombo kikisharuka hukaa hivyo kwa miaka kumi na tano. Mwale unaoangukia zaidi baharini hubaki na uwezo usioguswa huku wa jirani yake ukilemewa. Setilaiti mpya zaidi hujaribu kuliondoa hilo. Eutelsat QUANTUM, iliyorushwa tarehe 30 Julai 2021 na kuwekwa nyuzi 48 mashariki, ina miale minane ambayo umbo lake, nguvu yake na masafa yake hubadilishwa kwa programu kutoka ardhini. Unaponunua huduma kwa ajili ya eneo ambalo wageni hujaa msimu mmoja na kutoweka mwingine, kama fukwe za Pangani, swali la kumwuliza muuzaji ni hili: mwale huu unaweza kuongezewa uwezo, au umefungwa? Na kama uko kwenye mpaka wa miale miwili, uliza kama unaweza kuhamishiwa ule wenye watu wachache. Kuhama kunaweza kukugharimu desibeli moja au mbili za SNR na bado ukatoka na faida.

Msongamano mwingine ni wa dharura. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika, na Tanzania pamoja na majirani zake wakayumba. Siku za namna hiyo madishi ya akiba ya benki, hoteli na ofisi huwashwa kwa pamoja, na aliyezoea kuwa peke yake kwenye chaneli anajikuta na wengi. Ukiona msongamano wa ghafla mchana kweupe, sikiliza habari za kebo kabla ya kumpigia mtu.

Jua linawaka na SNR inashuka

Hapa watu hupotea kabisa, maana wamezoea kuilaumu mvua.

Ikiwa SNR huanguka kwa dakika chache, saa ile ile, siku kadhaa mfululizo, na ni Machi au Septemba, ni jua. Mara mbili kwa mwaka jua hupita nyuma kabisa ya setilaiti ukilitazama kutoka kwenye dishi, na kelele za redio za jua huimeza signali. Kwa latitudo ya Tanga, karibu nyuzi 5 kusini, hutokea siku mbili tatu baada ya usiku na mchana kulingana mwezi Machi, yaani karibu tarehe 22, na siku mbili hivi kabla ya kulingana tena Septemba, karibu tarehe 20 au 21. Ongeza siku chache kila upande, maana dishi dogo huona eneo pana zaidi la anga. Saa inategemea setilaiti: kwa ile ya nyuzi 7 mashariki ni karibu saa tisa alasiri, na kwa ile ya nyuzi 48 mashariki ni kabla kidogo ya saa sita mchana. Hakuna cha kutengeneza. Mwambie mteja mapema na upange malipo yasifanyike dakika hizo. Kinachochanganya ni kwamba Machi ndipo masika inapoanza kubisha hodi, kwa hiyo mteja huona wingu moja juu ya Pemba na kuamini ndilo lililomkatia.

Ikiwa SNR imeshuka bila ratiba, anga la Tanga ni jeupe, na mwenzako wa Handeni au Lushoto kwenye huduma hiyo hiyo naye ameshuka wakati huo huo, fikiria kituo cha ardhini. Data yako hupandishwa kwenye setilaiti kutoka kituo kikubwa ambacho kinaweza kuwa nchi nyingine kabisa. Mvua kubwa ikinyesha huko, kinachodhoofika ni mawimbi yanayopanda, na miale yote inayolishwa na kituo hicho hushuka pamoja. Kampuni makini huongeza nguvu ya kupandisha au huhamia kituo kingine. Kwako wewe kipimo ni simu moja kwa fundi mwenzako: akiwa amepatwa naye, acha dishi lako.

Na ikiwa SNR inarukaruka tu upepo unapovuma, tafuta mnazi. Setilaiti ya nyuzi 7 mashariki huonekana Tanga kwa upande wa magharibi, kwenye mwinuko wa nyuzi 52 hivi. Kuti moja linalopeperushwa na kusi mbele ya dishi linatosha. Minazi hurefuka, na njia iliyokuwa wazi mwaka wa kufunga inaweza kuwa imezibwa sasa.

Mvua

Inajulikana, kwa hiyo nitapita haraka. Masafa ya C, yaliyo ya chini, hayajali sana mvua, ya Ku, ya kati, huumia, ya Ka, ya juu, huumia zaidi. Mtambo mzuri hushuka ngazi za modulesheni na kuendelea polepole bila kukatika. Ukiona unakatika kwa manyunyu tu, akiba yako ya signali ni ndogo, na sababu kubwa ni dishi lililopotea kidogo au uko pembezoni mwa mwale, ambako nguvu inaweza kuwa nusu ya ile ya katikati.

Dalili ya kuipa uzito ni hii: mvua imekatika, jua limetoka, na SNR bado haijarudi baada ya saa nzima. Hayo ni maji ndani ya konekta au chini ya kifuniko cha LNB, kile kipokezi kilicho mbele ya dishi. Pwani yetu maji hayo yana chumvi. Kata kipande cha waya mpaka ufikie shaba inayong'aa, weka konekta mpya ya kubana isiyopitisha maji, funga kwa utepe wa mpira unaojishika, na uache waya ujikunje chini ya konekta ili matone yadondoke kabla ya kufika. Kwa madishi yanayotazama juu sana, kama lile la nyuzi 48 ambalo kwetu hufika mwinuko wa nyuzi 78, angalia pia maji na majani yaliyotuama ndani ya dishi lenyewe.

Kushusha ni safi, kupandisha kunakwama

Mteja anaangalia video bila shida lakini barua pepe yenye kiambatisho haiendi, na upande wa pili wa simu hawamsikii. Wengi hukimbilia kusema mtambo wa kurushia umekufa. Kabla ya kuagiza mwingine, fikiria mwelekeo wa dishi.

Kwenye masafa ya Ka modemu hupokea karibu GHz 20 na hurusha karibu GHz 30. Kadiri masafa yanavyopanda ndivyo jicho la dishi linavyobana. Dishi la sentimita 75 likikosea nusu digrii hupoteza desibeli moja na nusu hivi kwenye kupokea, na huenda usiione. Kwenye kurusha hupoteza zaidi ya tatu, yaani zaidi ya nusu ya nguvu yako. Zaidi ya hapo, mawimbi yako yanamwagikia setilaiti ya jirani, na kampuni inaweza kukupunguzia nguvu au kukufungia kabisa.

Nusu digrii ni kidogo mno. Nguzo isiyonyooka, ukuta wa nyumba ya udongo unaolowa, skrubu iliyoliwa na kutu, kusi iliyovuma wiki nzima: vyote vinaifikia. Weka pimamaji kwenye nguzo pande mbili kabla ya kugusa dishi, maana nguzo ikiinama, kila unaposogeza kushoto au kulia unaharibu na mwinuko. Kisha usitafute namba kubwa mara moja ukaridhika. Sogeza mpaka SNR ishuke kwa desibeli moja upande mmoja, weka alama, nenda upande wa pili mpaka ishuke kiasi hicho hicho, halafu funga katikati ya alama mbili. Kaza skrubu kwa zamu, kidogo kidogo, huku ukiangalia namba.

Nguvu ya signali kubwa, ubora mdogo

Mita inaonyesha nguvu tele lakini SNR iko chini na haipandi. Unapokea kitu, ila si kile tu unachokihitaji.

Miale inayopakana haitumii masafa yale yale kwa polaraizesheni (mkao wa mawimbi) ile ile. Desturi ni kupanga makundi manne, yaani masafa mawili mara polaraizesheni mbili, ili miale ya kundi moja isigusane. Lakini miale ya kundi moja iliyo mbali kidogo bado humwagika, na ikiongezwa nguvu kuliko inavyostahili, walio pembezoni huumia. Hilo ni la kampuni. La kwako ni kuhakikisha modemu imewekewa namba ya mwale na polaraizesheni iliyoandikwa kwenye hati ya kazi. Mteja aliyehamisha vifaa kutoka Kilwa hadi Tanga bila kubadilisha mipangilio anaweza kunasa mwale usio wake, akapata signali na asipate huduma.

Kwenye masafa ya C angalia minara ya simu. 5G ya GHz 3.5 iko kando kabisa ya masafa ambayo madishi ya C hupokelea, na LNB isiyo na kichujio hulemewa nayo. Kichujio kwenye mdomo wa LNB ndicho dawa. Kusogeza dishi nyuma ya ukuta husaidia pia.

Ukurasa wa kwanza unachelewa, ukishafunguka unakwenda

Hii si hitilafu. Ili kupandisha data, modemu huomba nafasi, na ombi lenyewe husafiri hadi kwenye setilaiti na kurudi kabla nafasi haijagawiwa. Kwa anayebofya mara moja moja huonekana kama uzito wa sekunde moja ya mwanzo. Anayehitaji sauti au malipo ya haraka aombe nafasi ndogo ya kudumu isiyosubiri ombi. Itamgharimu, na kwa kazi hizo inastahili.

Kama uzito umeanza siku ofisi ilipoweka VPN, ile njia ya siri ya kuunganisha kompyuta na mtandao wa ofisi, sababu ni nyingine. Modemu za setilaiti zina njia za kuharakisha mazungumzo ya mtandao ili umbali usiyachoshe, na VPN huyafunga mazungumzo hayo ndani yake hivi kwamba modemu haiyaoni tena. Zima VPN kwa dakika tano upime. Ikiwa ndiyo chanzo, ongea na watu wa mifumo wa ofisi. Kuongeza kifurushi hakutasaidia.

Modemu ya zamani inanasa na kuachia, mpya ya jirani iko sawa

DVB-S2X, nyongeza ya DVB-S2, ina utaratibu wa mwale unaohamahama. Setilaiti huangaza eneo moja kwa milisekunde chache, huhamia la pili, kisha la tatu, na hurudi mara nyingi zaidi penye wateja wengi. Ni njia nzuri ya kuepuka kuiangazia bahari tupu kutwa nzima. Lakini modemu iliyozoea signali isiyokatika haiwezi kuifuata. Wateja wa modemu za aina moja wakipotea kwa pamoja usiku mmoja, uliza kama mwale umebadilishwa utaratibu, na usipoteze muda kwenye dishi. Mita ya zamani ya mkononi nayo haiaminiki hapo.

Dishi bapa la setilaiti za chini

Kabla ya kufunga kifaa cha namna hii, kama cha Starlink, hakikisha huduma yenyewe ina leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Dalili zake ni tofauti na zote za juu.

Setilaiti za Starlink huzunguka kilomita mia tano hivi juu, kwa hiyo zinapita, na mtandao huamua upya kila sekunde 15 ni setilaiti ipi ikuhudumie. Watafiti wamepima mabadiliko hayo yakitokea kwenye sekunde ya 12, 27, 42 na 57 ya kila dakika. Endesha ping mfululizo yenye saa. Ikiwa mruko wa uchelewaji unaangukia sekunde hizo, ni mgao unabadilishwa na hakuna cha kufanya. Ikiwa unaangukia kwingine, tafuta kizuizi au waya.

Na kizuizi kwetu kina tabia yake. Kanuni za kimataifa zinazilinda setilaiti zilizosimama juu ya ikweta, kwa hiyo za chini haziruhusiwi kukutumia mawimbi yatakayoziingilia zikiwa kwenye mstari mmoja nazo. Tanga mstari huo hupita karibu utosini, kama nyuzi 6 tu kaskazini yake. Eneo la katikati ya anga, ambalo mtu angelidhani ndilo bora, linabanwa, na dishi hutegemea zaidi anga la kaskazini na la kusini. Isitoshe, setilaiti zenye mwinamo wa nyuzi 53 husongamana karibu na latitudo ya 53, kaskazini na kusini, na kupungua zinapovuka ikweta. Mwembe upande wa kusini, ambao fundi wa madishi ya kawaida hana habari nao, hapa unaweza kukunyima sehemu kubwa ya nafasi ulizo nazo. Panda juu zaidi ya paa, au kata matawi.

Kimya kabisa, kote

SNR sifuri, na kila mteja wa setilaiti hiyo unayemjua yuko hivyo. Hutokea mara chache. Tarehe 19 Oktoba 2024 Intelsat 33e, iliyokuwa nyuzi 60 mashariki ikihudumia Ulaya, Afrika na Asia, ilivunjika vipande angani. Hapo dishi litageuzwa kuelekea setilaiti nyingine, na aliyehifadhi vipimo vya mwinuko, mwelekeo na polaraizesheni ya kila kituo ndiye atakayemaliza mapema.

Unapompigia mtoa huduma

Usiseme "mtandao ni mbovu." Tuma ujumbe kama huu: "Habari za kazi. Kituo cha Ushongo, namba ya modemu hii hapa. SNR ni 10.6 alfajiri na 10.5 saa tatu usiku, 16APSK 3/4 nyakati zote. Ping 630 alfajiri, 1,700 usiku, pakiti zinazopotea asilimia 4. Kipimo kimechukuliwa kwa waya, kifaa kimoja tu kikiwa hewani, siku tatu mfululizo. Naomba mniangalizie matumizi ya mwale na chaneli ninayotumia kati ya saa moja na saa tano usiku, na kama kuna chaneli nyingine ndani ya mwale huu." Ujumbe huo hauwezi kujibiwa kwa "zima kisha washa modemu." Ukipuuzwa, omba namba ya malalamiko kwa maandishi na uzihifadhi namba zako zote kwa tarehe, maana TCRA hupokea malalamiko ya mteja ambaye ameshaanzia kwa mtoa huduma wake na hakuridhika.